Ndugu watatu, vyumba viwili: nani akae wapi kwenye fleti ya urithi?

Swali: Mimi na ndugu zangu wawili tumerithi fleti ya marehemu baba. Hati imeshabadilishwa, majina yetu matatu yapo, kila mmoja ana theluthi. Kuna chumba kikubwa cha mita za mraba 16, kidogo cha mita 10, sebule ya mita 20, jiko na bafu. Kaka yetu mkubwa anaishi humo na mkewe na watoto tangu baba akiwa hai. Mimi nafanya kazi mji mwingine, nataka chumba nikija, na huenda baadaye nikahamia kabisa. Mara ya mwisho nilikuta kitasa kimebadilishwa. Kaka anasema mlango uko wazi kwangu siku zote, ila nimpigie simu kwanza, ufunguo hajanipa. Mdogo wetu hataki kukaa, anataka kupangisha "chumba chake" apate kodi. Kaka naye anasema analipa ada zote za jengo, alibadilisha mabomba na kupaka rangi, kwa hiyo hatuna tunachomdai. Nani ana haki gani hapa? Naweza kuita fundi avunje kitasa?

Jibu:

Dada, nianze na hilo la mwisho. Usivunje. Haki ya kuingia unayo, tena kamili, lakini leo hii wewe ndiye uliyefungiwa nje, na mbele ya mpatanishi au hakimu hiyo ni nafasi nzuri kuliko ya mtu aliyekuja na fundi na nyundo wakati watoto wamelala. Kwa sababu hiyo hiyo usikate umeme, usitoe vitu vya wifi yako nje, wala usimruhusu mdogo wenu aingize mpangaji kimyakimya kumkomoa kaka. Nimeona madai mazuri yakiharibika kwa vitendo vya namna hiyo: shauri la matumizi ya fleti linageuka kuwa shauri la fujo, na kila upande unakuja na ripoti yake ya polisi.

Sasa kiini cha ugomvi wenu. Katika maelezo yako kuna maneno "chumba chake", na nadhani nyote watatu mnafikiri hivyo moyoni. Hakuna chumba cha mtu humo. Theluthi yako si ukuta huu hadi ule. Ni theluthi ya kila kitu: ya sebule, ya beseni la kuoshea vyombo, ya kizingiti cha mlango. Mpaka mtakapokubaliana vinginevyo au mahakama ipange, kila mmoja wenu anaruhusiwa kuwa popote ndani ya fleti yote, na hakuna anayeruhusiwa kumzuia mwenzake. Kaka hakosei kulala chumba kikubwa. Anakosea kukaa na funguo zote.

Hii ndiyo sababu mdogo wenu hawezi kumpangishia mtu "chumba chake". Hawezi kumpa mpangaji haki kubwa kuliko aliyo nayo mwenyewe, na aliyo nayo ni ya kutumia pamoja na ninyi. Mpangaji atalipa kodi ya chumba ambacho kesho kaka anaweza kuingia na kukaa. Kuna nchi zinazoweka kizuizi hicho wazi: Kenya, kwa mfano, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka mmiliki wa hisa apate ridhaa ya maandishi ya wenzake kabla ya kumpa mtu wa nje haki yoyote juu ya hisa yake, na wenzake nao hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya msingi.

Angalia pia hati yenu imeandikwaje. Umesema imetaja theluthi, basi mnamiliki kwa hisa: kila mmoja anaweza kumwachia mtu hisa yake kwa wosia, na akifa inaingia kwenye mirathi yake. Ingekuwa majina tu bila hisa, huenda ungekuwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa hisa yake huhamia kwa waliobaki, na watoto wake hawapati kitu. Na kwa wasomaji wengine ambao hati bado ina jina la marehemu: jibu hili si lenu bado. Malizeni mirathi kwanza, maana katika nchi nyingi kabla ya hapo mwenye kauli juu ya nyumba ni msimamizi wa mirathi.

Kuhusu namna ya kupanga matumizi, sheria za nchi mbalimbali zinaanzia mahali pamoja, kwenye makubaliano ya wamiliki wenyewe. Zinatofautiana pale makubaliano yanaposhindikana. Urusi, kifungu cha 247 cha Kanuni ya Kiraia kinamruhusu mmiliki kuiomba mahakama impe sehemu ya kutumia inayolingana na hisa yake, na isipowezekana adai fidia kwa wenzake. Ujerumani, kifungu cha 745 cha Kanuni ya Kiraia kinampa kila mmiliki mwenza haki ya kudai utaratibu wa matumizi unaozingatia maslahi ya wote kwa haki. Uingereza, sheria ya amana za ardhi ya 1996 inaruhusu mmoja azuiwe au awekewe masharti ya kukaa, na anayekaa aamriwe kumlipa asiyekaa. Wewe utafuata sheria ya mahali fleti ilipo, lakini mambo yanayopimwa yanafanana sana: hisa za kila mtu, fleti imejengwaje, nani anaihitaji kweli, na hadi sasa watu wamekuwa wakiitumiaje.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kaka ameishi humo miaka mingi, watoto wamezoea, na wewe hukuwahi kupinga kwa maandishi. Mahakama haipendi kuvuruga kilichokwisha kutulia. Kadiri unavyokaa kimya, ndivyo hali ya sasa inavyozidi kuonekana kuwa ndiyo mliyokubaliana. Uzuri ni kwamba watoto wa kaka hawamwongezei hisa. Wanaweza kuwa sababu ya yeye kupewa chumba kikubwa badala ya kidogo. Hawawezi kuwa sababu ya wewe kukosa chumba bila kulipwa.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wa ndugu huanza kuwa na sura. Vyumba viwili na sebule ni mita 46. Theluthi yake ni 15 na kidogo. Chumba kikubwa, mita 16, kinakaribia kabisa hisa ya mtu mmoja. Kidogo kina upungufu wa mita tano hivi. Jiko, bafu na korido havigawanywi, hubaki vya wote. Tuseme kaka achukue kikubwa, wewe kidogo, na mdogo wenu asikae. Tuseme pia mthamini anasema fleti nzima ingepangishwa kwa 900 kwa mwezi, fedha yoyote ile. Thamani ya hisa ya kila mmoja ni 300.

Wengi hapa husema: basi kaka na dada wagawane ile 300 ya mdogo nusu kwa nusu. Si sawa. Kila anayekaa alipe kile anachotumia zaidi ya hisa yake. Mkigawana sebule sawa, kaka anatumia mita 26 kati ya 46, yaani thamani ya 509. Wewe mita 20, yaani 391. Ukitoa 300 ya kila mmoja, kaka anamlipa mdogo 209, wewe unamlipa 91. Mdogo anapata 300 yake bila kuleta mgeni ndani ya nyumba.

Lakini ngoja. Umesema kaka ana watoto, na vyumba ni viwili. Wewe ukichukua kidogo, watoto watalala wapi? Sebuleni, bila shaka. Magodoro yatashushwa saa tatu usiku na kuinuliwa asubuhi, na kuanzia hapo sebule si sebule, ni chumba cha tatu cha familia ya kaka. Hesabu inageuka: yeye anatumia mita 36, wewe 10. Thamani yake ni 704, yako 196. Kaka sasa anadaiwa 404 kwa mwezi, 300 kwa mdogo na 104 kwako. Kutoka kulipa 91 umefika kulipwa 104, na kilichobadilika ni magodoro tu. Ndiyo maana nashauri msianze na swali la nani alale chumba gani. Anzeni na sebule ni ya nani usiku. Na kama milango ya vyumba inafungukia sebuleni, yaani huwezi kufika chumbani bila kuipita, hapo haiwezi kupewa mtu mmoja hata mkikubaliana. Mtakuwa mnarukana usingizini.

Madai ya kaka kuhusu gharama yana ukweli nusu. Ada ya jengo ni mzigo wa wamiliki, si wa anayekaa tu, hivyo kama ni 120 kwa mwezi, wewe na mdogo kila mmoja anadaiwa 40. Mabomba pia: kuzuia maji yasiharibu fleti ni gharama ya lazima, na anayo haki ya kuwadai theluthi theluthi akionyesha risiti. Maji na umeme alivyotumia na familia yake ni vyake. Rangi ni ya kubishaniwa. Akichagua kupaka upya ili apendezeshe nyumba yake, bila kuwauliza, hawezi kuwatumia bili. Kwa maboresho ya aina hiyo mahakama za Uingereza, kwa mfano, humrudishia mtu kile kilicho kidogo kati ya gharama na ongezeko la thamani ya nyumba, tena hasa wakati wa kuuza au kugawana. Na jambo ambalo kaka hajalitaja: anayedai gharama zake hutarajiwa aweke mezani na faida aliyopata kwa kukaa. Akidai 40 ya ada kutoka kwako, hesabu ya upande wa pili ni 300 ya hisa yako anayoitumia.

Je, unaweza kumdai hiyo 300 kwa miaka iliyopita? Hapa nchi zimegawanyika, na ni vizuri ujue uko upande gani kabla hujamtajia kaka tarakimu. Ufaransa, kifungu cha 815-9 cha Kanuni ya Kiraia kinamtaka anayetumia mali ya pamoja peke yake awalipe wenzake fidia, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo, na madai hayarudi nyuma zaidi ya miaka mitano. Nchi zilizofuata mapokeo ya Kiingereza zimekuwa na msimamo mwingine: mmiliki anayekaa peke yake kwa sababu wenzake wameamua tu kutokaa hadaiwi kodi. Deni linaanza anapowafungia nje, ingawa mahakama za siku hizi zimelegeza kidogo na huangalia kama haki inataka alipe.

Kwa hiyo kile kitasa ndicho kitu kikubwa katika barua yako yote. Maneno ya kaka kwamba mlango uko wazi yatamsaidia yeye, si wewe, mpaka uyajaribu. Mwandikie barua, kwa karatasi na kwa simu, ya upole, isiyo na historia ya ukoo wala nani alimhudumia baba hospitalini. Mambo manne yatosha: wewe ni mmiliki wa theluthi moja, unaomba ufunguo wako ndani ya siku 14, unataka kuanza kutumia chumba kidogo kuanzia tarehe fulani, na uko tayari kukubaliana kwa maandishi juu ya gharama na matumizi. Mpe nakala mdogo wenu. Akikupa ufunguo, umeshinda nusu ya safari. Akikataa, au akinyamaza, au akijibu tena "piga simu kwanza", una ushahidi wa tarehe uliyofungiwa nje, na mahali pengi fidia huanza kuhesabiwa hapo. Mmiliki hapigi simu kuomba ruhusa ya kuingia kwake. Kuarifu kwa adabu kwamba unakuja ni jambo jingine, na hilo liwekeni kwenye makubaliano.

Makubaliano yenyewe yasiwe ya kurasa kumi. Yaseme nani anatumia chumba gani, sebule na jiko vinatumikaje, kila mmoja ana ufunguo na kitasa hakibadilishwi bila wote kupewa mpya, ada ya jengo inalipwa kwa hisa na nani anaikusanya, matengenezo ya kiasi gani yanahitaji ridhaa ya wote, na anayetumia zaidi anamlipa nani kiasi gani kila mwezi. Wekeni muda, mwaka mmoja au miwili, kisha mpitie upya. Watu hukubali kwa urahisi jambo wanalojua lina mwisho. Andikeni kabisa kwamba utaratibu huu ni wa matumizi na haubadilishi hisa za mtu, kwa sababu hofu kubwa ya mwenye chumba kidogo ni kuamka siku moja aambiwe ndicho alichorithi. Mashahidi wasiwe wake na waume zenu. Kisha uliza kwa wakili kama yanaweza kusajiliwa, maana mmoja wenu anaweza kuuza hisa: Ujerumani, kwa mfano, utaratibu kama huu juu ya nyumba haumfungi mnunuzi mpya mpaka uwe umeandikishwa kwenye daftari la ardhi.

Kuhusu zamu za miezi, ambazo watu hupenda kupendekeza: zinafaa kwa nyumba ya likizo. Kwa familia yenye watoto wa shule ni mateso, na sijui hakimu ambaye angeipenda.

Mkishindwa kuelewana wenyewe, tafuteni mpatanishi asiye wa ukoo. Wazee wa familia wana nafasi yao, lakini katika shauri hili kila mmoja tayari ameshasikia upande mmoja, na wengine hawatafuata ule ushauri wa kwamba ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Mpatanishi wa kulipwa, pamoja na mthamini mmoja mliyemchagua wote, hugharimu kidogo kuliko kesi ya mwaka mzima. Mthamini ni wa lazima. Bila tarakimu ya mtu wa tatu, kaka ataona fleti ni ya 500 na mdogo ataona ni ya 1,500.

Mahakamani unaweza kuomba upewe ufunguo na usizuiwe kuingia, utaratibu wa matumizi upangwe, na fidia. Unaweza pia kuomba amri ya muda kesi ikiendelea. Usitegemee fleti igawanywe kwa ukuta. Fleti yenye mlango mmoja, jiko moja na bafu moja haigawiki kuwa nyumba tatu, na mahakama inajua hivyo bila kumwita mhandisi.

Kinachobaki ni kuachana, na hapa sheria nyingi ziko upande wa anayetaka kutoka. Kifungu cha 815 cha Ufaransa kinasema hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki katika mali isiyogawanywa. Kifungu cha 749 cha Ujerumani kinamruhusu mmiliki mwenza kudai ushirika uvunjwe wakati wowote. Mahakama za Uingereza zinaweza kuamuru nyumba iuzwe, ingawa hutazama kwanza nyumba ilinunuliwa kwa kusudi gani na kama kuna watoto wanaoishi humo. Mwambieni kaka jambo hili kwa utulivu, si kama tishio, kwa sababu ndiye atakayeumia zaidi likitokea. Mnada mara nyingi huleta bei ya chini kuliko soko, na yeye ndiye atahama.

Ndiyo maana, kusema kweli, nikisoma barua yako mara ya pili naona suluhisho lenu linaweza kuwa kaka anunue hisa ya mdogo, hata kwa awamu. Mdogo hataki kukaa, anataka fedha. Kaka anataka kukaa, na anaogopa mgeni. Kwa 300 kwa mwezi atakuwa anamlipa mdogo kodi bila mwisho. Fedha hiyo hiyo ikiandikwa kuwa awamu za ununuzi, siku moja deni litaisha na atakuwa na theluthi mbili. Wewe utabaki na theluthi yako, chumba kidogo na ufunguo. Mdogo akitaka kumuuzia mtu wa nje, kumbuka kuwa katika nchi kama Ufaransa na Urusi lazima awape ninyi taarifa ya bei na masharti kwanza, na mna mwezi mmoja wa kuamua kuinunua wenyewe. Na kabla ya kuamua lolote, jiulize wewe: ukihamia kabisa, uko tayari kupika jiko moja na wifi yako kila jioni? Kama jibu ni hapana, huenda unachotaka ni ile 300, si chumba, na barua yako kwa kaka iandikwe hivyo tangu mwanzo.

Anza na ufunguo. Weka nakala ya hati, barua yako na ushahidi kwamba imepokelewa, mchoro wa fleti wenye vipimo, na orodha ya malipo ya ada aliyotoa kaka, ambayo uongozi wa jengo unaweza kukupa wewe pia kama mmiliki. Siku 14 zikipita bila jibu, nenda kwa wakili na bahasha hiyo.